Ardhi Iliyofungwa kwa Mabomu: Kazi ya Mwisho ya Vita vya Ukombozi

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba ili tuendelee tunahitaji mambo manne: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Makada wengi huyataja mambo hayo kwa ghibu. Lakini yafaa tujiulize: watu wakiwapo na ardhi ikiwapo, ila watu hawathubutu kuikanyaga ardhi hiyo, maendeleo yatatoka wapi? Historia ya ndugu zetu wa Msumbiji inajibu swali hili, nasi wa Kikwe, chini ya Mlima Meru, tunayo sababu ya kulisikiliza jibu hilo.

Mkulima wa Meru anajua maana ya kunyang'anywa ardhi. Mwezi Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili mashamba yao wapewe walowezi wachache. Mwaka 1952 Ndugu Kirilo Japhet alipeleka malalamiko ya wananchi hao Umoja wa Mataifa. Mnyang'anyi yule alikuwa na jina, ofisi na amri iliyoandikwa, na kwa hiyo watu walijua wapambane na nani. Bomu la kutegwa ardhini nalo humnyang'anya mkulima shamba, lakini halina ofisi ya kupelekewa malalamiko. Aliyelitega huenda amekwisha kufa au kurudi kwao. Halina habari kwamba mkataba wa amani umetiwa saini.

Mabomu hayo yalifikaje katika mashamba ya Msumbiji? FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na tarehe 25 Septemba 1964 ilianza mapambano ya silaha. Wapiganaji wake walifunzwa Kongwa na Nachingwea, wakavuka Mto Ruvuma kwenda kupigana. Ili kuwazuia, wakoloni wa Kireno walitega mabomu katika maeneo ya mpaka wa Cabo Delgado na Niassa. Walitega pia kulizunguka bwawa la Cahora Bassa. Upande wa magharibi, utawala wa walowezi wa Rhodesia nao ulitega mabomu mpakani.

Historia ya kweli haifichi upande mmoja. Wapigania uhuru nao walitumia mabomu ya kutegwa dhidi ya misafara ya Wareno. Uhuru ulipatikana tarehe 25 Juni 1975, lakini ikafuata vita ya RENAMO, kundi lililoanzishwa na Rhodesia na baadaye kusaidiwa na makaburu wa Afrika Kusini. Katika vita hiyo pande zote zilitega mabomu njiani, kwenye madaraja, kando ya reli na chini ya nguzo za umeme, mara nyingi bila kuacha ramani. Mkataba wa amani ulitiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Askari waliweka silaha chini, lakini mabomu yalibaki yakisubiri mguu wa mtoto au jembe la mama.

Hapa kuna jambo la kiuchumi ambalo kada hana budi kulielewa. Si lazima shamba lijae mabomu ndipo lifungwe. Mabomu mawili, au hata uvumi wa bomu moja, hutosha kulifanya shamba zima liwe pori. Kulitengeneza bomu hugharimu dola chache tu. Kulitafuta na kulitegua hugharimu mamia ya dola. Gharama hiyo haimwangukii aliyelitega. Humwangukia mkulima, ambaye hulipa kwa njaa au kwa mguu wake.

Kwa sababu hiyo kazi ya kusafisha ardhi huanza kwa kuwauliza wanakijiji: ng'ombe alilipuka wapi? Askari walipiga kambi wapi? Njia ipi iliachwa? Bila maarifa ya wananchi, mtaalamu hupoteza miezi akichimba ardhi isiyo na kitu. Baada ya hapo eneo hugawanywa katika vichochoro na kupekuliwa hatua kwa hatua.

Katika kazi hii Tanzania imetoa mchango mkubwa. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, lililoanzishwa na Wabelgiji, limekuwa likiwafunza panya buku kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Chombo cha kutambua chuma hupiga kelele kwa kila msumari. Panya buku hunusa baruti yenyewe. Uzito wake ni mdogo, hivyo halipui bomu. Akinusa, hukwaruza ardhi, na mtegua mabomu hufuata. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi, ambalo mtu mwenye chombo huweza kulimaliza kwa siku nne, yeye hulipekua kwa nusu saa hivi. Mnyama ambaye mkulima humwona mwizi wa mahindi amekuwa mlinzi wa shamba. Panya hao walifanya kazi Msumbiji, kisha Angola na Kambodia.

Tarehe 17 Septemba 2015 Msumbiji ilitangaza kwamba imeyaondoa mabomu yote ya kutegwa yaliyojulikana. Ilikuwa imepita miaka 23 tangu mkataba wa Roma, na 40 tangu uhuru. Kwa mkulima wa mpakani, ukombozi wa ardhi yake ulikamilika siku hiyo, wala si siku bendera ilipopandishwa.

Lakini ushindi huo haujilindi wenyewe. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado imerudi vitani, na milipuko ya kienyeji imetegwa tena barabarani. Mkataba wa Ottawa wa mwaka 1997, uliopiga marufuku mabomu dhidi ya watu na ambao Tanzania ilitia saini, umeanza kumomonyoka: mwaka 2025 nchi kadhaa za Ulaya, zikiwamo Finland na Poland, ziliamua kujitoa, zikitoa hoja ya tishio la Urusi. Hoja ya usalama wa taifa ni nzito na haifai kudharauliwa. Hata hivyo Msumbiji imeonyesha kwamba bomu linalotegwa leo kumzuia adui litamkuta kesho mkulima wa nchi ile ile.

Tanzania ilikuwa ngome ya nyuma ya ukombozi, na makaburi ya mashujaa wetu Naliendele, Mtwara, ni ushahidi wa gharama tuliyolipa. Wajibu wa ngome ya nyuma haukwishi bunduki zinaponyamaza. Kada anayefundisha historia ya ukombozi aifundishe hadi mwisho wake: siku mkulima anapoingia shambani mwake na jembe begani, bila kutazama anapokanyaga.