Sanamu Zinazotaka Msemaji

Yamkini umepata kuiona ukutani mwa mtu picha ya Lumumba, au ya mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki. Mafundi wazipakao rangi picha hizo hawakusoma chuo cha wachoraji, na watu wengine huwadharau, wakisema kazi yao ni ya kutafuta chakula tu. Chakula walikitafuta, ni kweli. Walakini kuna jambo jingine ndani yake, na ili tulifahamu yafaa kwanza tutazame huku kwetu Maniema.

Walega wa Pangi, pamoja na ndugu zao wa Shabunda na Mwenga, walikuwa na chama kiitwacho bwami. Hawakuwa na mfalme. Wakubwa wa bwami ndio waliopatanisha watu na kushika desturi. Mtu alipanda daraja kwa daraja, akitoa mali na kupokea mafundisho, hata wachache wakafika daraja ya kindi, iliyo juu kabisa kwa wanaume. Kila daraja ilikuwa na vitu vyake: vinyago vya mti, na kwa kindi sanamu ndogo za pembe ya ndovu, zilizosuguliwa kwa mafuta hata zikang'aa. Hazikufanywa ziwekwe mahali zitazamwe. Mwalimu aliishika sanamu mkononi, akacheza ngoma, akaimba methali yake, na mwanafunzi akaelewa. Iko moja yenye vichwa vingi, jina lake Sakimatwematwe: nayo yafundisha kwamba mkubwa wa kweli hutazama pande zote kabla ya kukata neno. Asiyeijua methali aliona kipande cha pembe tu.

Serkali ya Wabelgiji ilikiogopa chama hicho, maana kilikuwa na nguvu isiyotoka kwake. Mwaka 1948 ikakipiga marufuku. Wamisioni wengi nao, tuseme kweli, hawakukipenda. Sanamu zikatoka, nyingine kwa kununuliwa, nyingine kwa njia zisizopendeza kutajwa, na hivi leo ziko Tervuren karibu na Bruxelles, na katika nyumba nyingine nyingi za makumbusho. Ziko ndani ya vioo. Kwa bahati Mbelgiji mmoja, Daniel Biebuyck, alikaa kwa Walega katika miaka ya 1950 na kuandika methali zao nyingi. Bila hizo, sanamu zile zingekuwa bubu zaidi.

Sasa tufuate njia ya reli, itokayo Kindu kwenda kusini, Kongolo na Kabalo, mpaka Katanga. Huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, alizaliwa mwaka 1947 Tshibumba Kanda-Matulu. Hakuwa mtu wa bwami, wala sisemi kwamba alijifunza kwa Walega. Alipaka rangi juu ya kitambaa cha magunia ya unga, akauza picha zake kwa watu wa mjini na wa migodi. Wateja walitaka kitu walichokiita ukumbusho. Waliyoipenda sana ni ile ya «Colonie belge»: mfungwa amelazwa chini, askari mweusi anampiga fimbo, na bwana Mbelgiji amesimama anatazama. Mtu aliitundika barazani. Mgeni akiuliza, mwenye nyumba alianza kusimulia: baba yake alipigwa wapi, kwa kosa gani. Basi picha ilikuwa imefanya kazi yake.

Katika miaka ya 1973 na 1974 Tshibumba alimpakia Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu, picha zaidi ya mia moja, historia nzima ya nchi tangu wazee wa kale. Mojawapo ni kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito, tarehe 17 Januari 1961. Kwa nyuma amesimamisha misalaba mitatu. Mkristu aweza kusita hapo, nami nilisita, maana Mwokozi ni mmoja. Lakini fundi alichagua alama ambayo kila aliyepita katekisimu angeielewa mara moja: mtu amehukumiwa na wenye nguvu, akauawa pamoja na wenzake wawili. Serkali ya Katanga ilikuwa imetangaza kwamba wanakijiji ndio waliowaua. Bunge la Ubelgiji halikupokea taarifa ya uchunguzi wake hata mwaka 2001. Muda huo wote picha ziliendelea kuwasemesha watu nyumbani mwao, na huku Maniema pia jina hilo si la mgeni, maana Lumumba alipokuwa kijana alifanya kazi Kalima, kwenye kampuni ya bati.

Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 Tshibumba hajaonekana tena. Picha zile zimehifadhiwa Amsterdam. Lakini Fabian hakuchukua picha peke yake: fundi alipoleta kila moja, waliketi na chombo cha kunasia sauti, naye akaieleza kwa maneno yake. Kiswahili anachosema ni kile cha Katanga, na mtu wa Kindu akisikiliza hahitaji mkalimani.