Ardhi ya Kanisa na Msitu wa Mabira



Asafiriye kwa basi kutoka Kampala kwenda Jinja hupita kwanza kando ya mashamba ya miwa ya Lugazi. Kisha, bila ya kutazamia, mwanga hupungua, hewa iingiayo dirishani huwa baridi, na miti mirefu husimama pande zote mbili za barabara. Huo ndio msitu wa Mabira, ambao jina lake lina asili ya neno la Kiganda lenye maana ya msitu. Basi likifika Najjembe husimama, na wachuuzi hulizunguka wakinadi kuku wa kuchoma na ndizi za kuchoma. Abiria wengi hukumbuka kuku wakausahau msitu. Leo nataka tuukumbuke msitu, na pia tukumbuke jambo moja lililotendwa na kanisa kwa ajili yake.

Ili tulielewe jambo hilo, hatuna budi kurudi nyuma hadi mwaka 1900. Tarehe 10 Machi mwaka huo, Sir Harry Johnston, kwa niaba ya Uingereza, alitia saini mkataba na watawala wa Buganda. Kabaka Daudi Chwa alikuwa bado mtoto mdogo, kwa hiyo waliotia saini ni walezi wa kiti chake, Apolo Kagwa akiwa miongoni mwao. Mkataba huo uliigawa ardhi ya Buganda kwa maili za mraba, na ndiyo sababu hata leo ardhi ya aina hiyo huitwa "mailo". Kabaka alipewa sehemu yake, na machifu na watu mashuhuri wakapewa yao. Misitu, iliyokadiriwa kuwa maili za mraba 1,500, iliwekwa chini ya serikali ya kikoloni. Mashirika matatu ya wamisionari yaliyokuwako wakati huo, moja la Kianglikana na mawili ya Kikatoliki, yalipewa kwa pamoja maili za mraba 92.

Tuitazame kwa makini hesabu hiyo. Mkono ulioiondoa misitu kutoka katika mamlaka ya wenyeji ndio huo huo ulioyapa makanisa ardhi. Wamisionari walikuwa wamefika miaka michache tu kabla ya hapo: Waanglikana mwaka 1877, na Mapadre Weupe mwaka 1879. Kwa kalamu moja wakawa wenye ardhi. Juu yake zilijengwa shule, hospitali na makanisa ambayo yamewalea mamilioni ya raia wetu. Hata hivyo, juu ya ardhi hiyo waliishi pia wakulima ambao hawakuulizwa. Historia ya kanisa na ardhi katika Uganda ina neema ndani yake, na ina deni pia.

Mabira ukatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya msitu mwaka 1932. Una ukubwa wa hekta zipatazo 30,000. Maji ya mvua iliyonyesha humo hulisha mito, na mito hiyo huwafikia watu wengi wasiowahi kukanyaga msituni. Wenyeji wa vijiji vya kandokando hupata humo kuni, dawa za miti shamba na maji ya chemchemi. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi ilipokuwa katika misukosuko, watu wengi waliingia msituni wakakata miti na kulima. Baadaye waliondolewa, na taratibu miti ikaanza kurudi.

Kisha ukaja mgogoro uliotikisa nchi nzima. Serikali ilipendekeza kuwa hekta zipatazo 7,100 za hifadhi, karibu robo ya msitu wote, zitolewe kwa kampuni ya sukari ya Lugazi ili ipanue mashamba yake ya miwa. Haki inatutaka tuzieleze sababu za serikali pia. Nchi ilihitaji sukari, vijana walihitaji ajira, na viongozi waliamini kuwa taifa halitaondokana na umaskini bila viwanda. Hoja hizo hazikuwa za kipuuzi. Anayeyatetea mazingira huku akimdharau mwenye kutafuta kazi hajamaliza kufikiri.

Wapinzani wa mpango huo walikuwa wengi: wanamazingira, wabunge, ufalme wa Buganda, wananchi wa kawaida waliogoma kununua sukari ya Lugazi, na viongozi wa dini. Tarehe 12 Aprili 2007 maandamano yalifanyika Kampala. Yalianza kwa ajili ya miti, yakaishia katika damu. Watu watatu walipoteza maisha, na mmoja wao alikuwa mtu wa asili ya Kihindi aliyeuawa na kundi la watu. Hasira dhidi ya kampuni iligeuzwa kuwa chuki dhidi ya watu ambao hawakuhusika hata kidogo. Tusiifiche sehemu hii ya historia kwa kuwa inatuaibisha. Mtu hawezi kudai kuwa anautunza uumbaji huku akimuua jirani yake.

Katika kelele hizo zote, Dayosisi ya Mukono ya Kanisa la Uganda ilifanya jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Ilitangaza kuwa iko tayari kutoa sehemu ya ardhi yake yenyewe ipandwe miwa, mradi msitu uachwe. Buganda nayo, chini ya Kabaka Ronald Mutebi, ilitoa ahadi ya namna hiyo. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Wengi walikuwa wameisihi serikali isiutoe msitu, na walikuwa na haki ya kusihi. Lakini anayesema "usitoe cha umma, twaa changu" husikika kwa namna nyingine. Ardhi ambayo kanisa lilirithi kutokana na mgawanyo wa mwaka 1900 iliwekwa mezani mwaka 2007, ili kuuokoa msitu uliotwaliwa na serikali katika mgawanyo huo huo. Sijui kama waliotoa ahadi hiyo walikuwa wakiuwaza mkataba ule wa zamani. Sisi tunaosoma historia hatuwezi kuacha kuuwaza.

Wazo hilo halikuzuka hewani. Simulizi la bustani ya Edeni, ambalo Wakristo hulifundisha watoto wao tangu utotoni, linampa mwanadamu kazi mbili kwa pamoja, kulima na kutunza. Kwa muda mrefu makanisa mengi yalihubiri zaidi juu ya ile ya kwanza. Ilipofika mwaka 1990, Waanglikana duniani waliongeza utunzaji wa uumbaji katika orodha ya alama za utume wao, ukawa wa tano baada ya mambo kama kuhubiri, kufundisha na kuwahudumia wenye shida. Kwa hiyo dayosisi ilipozungumza juu ya Mabira haikuwa imeiacha kazi yake na kuingilia ya wengine.

Hata hivyo, swali gumu linabaki. Katika ardhi nyingi za mailo huishi familia zenye vibanja, yaani mashamba madogo wanayoyalima kwa vizazi ingawa hati ya umiliki si yao. Je, ardhi ya kanisa ingepandwa miwa, wenye vibanja wangekwenda wapi? Kuuokoa msitu kwa kumwondoa mjane katika shamba lake la migomba kungekuwa kuziba ufa hapa na kubomoa ukuta pale. Swali hilo halikufikishwa kwenye mtihani, kwa sababu mwezi Oktoba mwaka 2007 serikali ilitangaza kuwa imeuacha mpango. Mwaka 2011 mpango ukafufuliwa, ukapingwa tena, ukaachwa tena. Msitu ungali pale, ingawa wakataji wa mkaa na mbao hawajalala.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, basi niruhusuni nimalizie kwa neno moja la lugha yetu. Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha miti na kingine cha watu. Tunatunza mazingira, tunatunza mgonjwa, tunatunza wazee, tunatunza yatima. Kitenzi ni kile kile, na kazi ni ile ile: kubeba mzigo kwa ajili ya kitu ambacho hakitatulipa leo. Kisa cha Mabira kimetuonyesha kazi hiyo ikifanywa vizuri na ikifanywa vibaya, na wakati mwingine katika mwezi mmoja. Kanisa lilionyesha kuwa utunzaji una gharama, na kwamba mwenye kuutaka hana budi kuanza na kilicho chake.

Mara nyingine basi litakaposimama Najjembe, nunueni kuku wenu, kisha inueni macho mtazame miti. Halafu jadilianeni maswali haya mawili darasani:

1. Je, taasisi iliyopata mali kwa njia isiyo ya haki kamili inaweza kuitumia mali hiyo kwa haki? Toa sababu zako.

2. Katika kijiji au mtaa wako kuna kitu gani cha umma kilicho hatarini, na wewe uko tayari kutoa nini kilicho chako ili kitunzwe?