Miiko ya Arusha na Uchumi wa Leo

Likitajwa Azimio la Arusha siku hizi, wengi hukumbuka maduka matupu na foleni za sukari. Sikatai. Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa nafundisha, na wanafunzi walifua sare zao kwa majani ya mpapai kwa kuwa sabuni ilikuwa haionekani. Lakini yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo tumeyafunga katika furushi moja: njia za uchumi zilizochaguliwa baada ya Azimio, na masharti ambayo Azimio lenyewe liliwawekea viongozi.

Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, na Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari. Kesho yake mabenki yakataifishwa. Sisi vijana wa shule tuliandamana kuunga mkono, na habari iliyokuwa midomoni mwa watu ilikuwa hiyo ya mabenki. Sehemu iliyowagusa wakubwa ilikuwa fupi mno. Kiongozi wa TANU au wa Serikali sharti awe mkulima au mfanyakazi. Asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na ili mtu asije akajificha nyuma ya kanga ya mkewe, ilielezwa kwamba kiongozi maana yake ni mtu pamoja na mkewe, au pamoja na mumewe.

Miiko hii haikuanguka kutoka mbinguni. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Nchi ilikuwa na miaka mitano tu tangu uhuru, na tayari lilikuwa linaota tabaka la watu walioona kwamba uhuru ulikuja kwa ajili yao.

Kuna jambo jingine katika Azimio ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Lilionya kwamba mikopo ya nje hujenga zaidi mijini, bali hulipwa kwa pamba na kahawa ya mkulima. Kwa hiyo tusipoangalia, mji utamnyonya kijiji. Hapo ndipo maana ya miiko inapoonekana. Anayeamua fedha ziende wapi ni kiongozi. Akiwa na nyumba za kupangisha mjini, moyo wake uko mjini. Akiwa na hisa katika kampuni inayonunua mazao, yeye ndiye mnunuzi, na yeye tena ndiye mwamuzi wa bei. Miiko ilikusudia kuuweka mfuko wa kiongozi upande mmoja na mfuko wa mkulima.

Yaliyofuata tunayajua. Kati ya 1973 na 1976 watu walihamishiwa vijijini, wengi kwa nguvu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na mkulima, ambaye Azimio lilimtetea, akapokonywa chombo chake mwenyewe. Mafuta yalipanda bei mwaka 1973, na tena 1979. Katikati yake tukapigana vita vya Kagera. Mshahara ukawa haufiki tarehe kumi na tano, hata walimu tukawa wafuga kuku. (Kuku wale, nakiri, walisomesha watoto wengi.) Katika hali hiyo miiko ilikuwa migumu kushikika.

Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, ikikutana Zanzibar, iliilegeza: hisa ruksa, ukurugenzi ruksa, nyumba za kupangisha ruksa. Sikuona maandamano safari hii. Mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayomtaka kiongozi atangaze mali na madeni yake. Lakini kutangaza si kuacha. Sheria inamwambia kiongozi aseme alicho nacho. Azimio lilimwambia achague, ama biashara ama ofisi.

Wanaotaka kuyafufua yote ya 1967 siungani nao. Duka la sabuni naliendeshe mwenye duka, na kiwanda naakiendeshe anayekijua. Ila wakati biashara ilipofunguliwa ndipo miiko ilipohitajika zaidi, maana sasa vishawishi vimezidi. Sisi tulivifungua vyote viwili kwa wakati mmoja.

Katiba ya 1977, katika ibara yake ya 9, bado inataja Ujamaa na Kujitegemea. Kwa hiyo hatuhitaji kutunga msingi mpya. Mimi ningeanza na jambo dogo: fomu za mali za viongozi ziwekwe katika ofisi ya kila wilaya, mezani, ambapo mkulima aliyekuja kulipa ushuru wa mazao yake anaweza kuzisoma bila kuandika barua ya maombi.