Umbali kwenye skrini si umbali wa macho

Dereva anayerudi nyuma penye msongamano wa soko la Arua, macho yakiwa kwenye skrini ya kamera, huweza kumwona mtoto akiwa mbali kuliko alivyo. Magari mengi ya mitumba yanayoingia Uganda kutoka Japani huja na kamera hiyo. Lenzi yake ni pana ili ionyeshe eneo lote la nyuma. Upana huo huvifanya vitu vionekane vidogo, na ubongo huutafsiri udogo kuwa umbali.

Lenzi ya kuvuta karibu hufanya kinyume. Picha ya malori yanayotoka Koboko kuelekea mpaka wa Oraba, ikipigwa kutoka mbali, huyaonyesha yamebanana hata kama kati yake pana nafasi kubwa. Msomaji wa habari na aikumbuke picha ya namna hiyo kabla ya kukubali kwamba barabara imefungwa.

Jicho tupu lina uhakika zaidi. Katika majaribio ya wanasaikolojia, mtu huonyeshwa alama ardhini, hufungwa kitambaa machoni, kisha hutembea hadi anapodhani ipo. Hadi mita 20 hivi, wengi huifikia kwa usahihi mkubwa. Waliovaa miwani ya uhalisia pepe, yenye skrini mbele ya macho, kwa kawaida husimama kabla ya kufika, ingawa miwani mipya imepunguza kosa hilo.

Tofauti hutokana na kinachopotea. Macho mawili hutazama kitu kutoka pembe mbili, na kichwa kikisogea, vya karibu hupita upesi kuliko vya mbali. Skrini bapa haina hayo. Hubakiza ukubwa, vivuli na vitu kufunikana.

Mwaka 1969 watafiti Philip Kilbride na Michael Robbins walichapisha uchunguzi kuhusu Waganda: wa mjini walitambua kina katika michoro kuliko wa vijijini. Huo ulikuwa mtihani wa kusoma michoro, ujuzi wa kujifunza. Haukupima macho ya mtu shambani mwake.

Mistari ya rangi kwenye skrini za baadhi ya magari husaidia, lakini imekadiriwa kwa usawa wa ardhi. Kitu kilichojitokeza juu, kama bodi ya lori au mbao zilizochomoza, huonekana ng'ambo ya mstari ilhali kiko karibu kugusa gari.