Damu ya Watoto Wetu na Mkasi wa Maabara

Katika jumuiya zetu za Masisi na Walikale, wengi tumekesha karibu na mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa, mikono imevimba, macho yamegeuka manjano. Jirani hunong'ona kwamba amerogwa, na mara nyingi kidole humwelekea mama. Ugonjwa huo ni selimundu, ambao sisi huuita SS. Historia yake imepita katika nchi yetu wenyewe, nasi yatupasa kuijua, kwa kuwa sasa habari za tiba ya kuhariri jeni zimetufikia.

Mwaka 1951 madaktari J. na C. Lambotte-Legrand walichapisha utafiti juu ya watoto wa Kongo ya Chini wenye anemia hiyo. Wengi wa watoto hao walikufa kabla ya kukomaa. Hapo likazuka fumbo: ikiwa wagonjwa hufa bila kuzaa, mbona jeni hiyo haipotei? Mwaka 1955 Vandepitte na wenzake, wakichunguza Kongo ya Wabelgiji, walionyesha kwamba jeni kugeuka upya kwa bahati hakutoshi kueleza wingi wa wenye nayo. Jibu lilikuwa limekwisha kutolewa mwaka uliotangulia na Anthony Allison, aliyelelewa Kenya: mtu aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu haugui SS, tena hukingwa na malaria kali. Huko Kenya aliona kwamba jeni hiyo ni ya kawaida pwani na kando ya Ziwa Victoria, lakini ni adimu nyanda za juu. (Yeyote aliyeshuka kutoka malisho ya Masisi hadi msitu wa Walikale anajua mbu wanakaa upande gani.) Jeni inayomtesa mtoto, basi, ndiyo iliyowaokoa mababu zake, naye huipata kwa baba sawasawa na kwa mama.

Mwaka 1948, Janet Watson wa New York alitambua kwamba watoto wachanga wenye ugonjwa huu hukaa miezi ya kwanza bila kuteseka, kwa sababu damu yao ingali na hemoglobini ya tumboni. Inapopungua, maumivu huanza. Tiba mbili za siku hizi zimeingia kwa mlango huo mmoja.

Ya kwanza ni Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, kwa wenye umri wa miaka 12 na zaidi. Seli shina za damu hutolewa mwilini. Maabarani, mkasi wa jeni ulioelezwa na Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier mwaka 2012 hukata swichi inayozima hemoglobini ya tumboni. Uboho wa mgonjwa huondolewa seli zake kwa dawa kali, kisha seli zilizohaririwa hurudishwa. Badiliko hilo halirithiwi na watoto wake. Waraka wa Vatikani wa 2008, Dignitas Personae, uliikubali kimsingi tiba ya jeni ya namna hiyo, ukaikataa ile inayogusa vizazi. Bei yake Marekani ni dolari milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Ya pili ni kidonge cha hidroksiyurea, kinachoiamsha hemoglobini ile ile maadamu kinanywewa. Watoto 606 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda walipewa. Kwetu kazi hiyo ilifanyika Monkole, Kinshasa, chini ya Daktari Léon Tshilolo. Matokeo yalitangazwa Desemba 2018: maumivu na malaria vilipungua kwa nusu hivi, vifo vikapungua zaidi. Kwetu sisi, habari hiyo ilistahili kupigiwa kengele kuliko ile ya mkasi.

Lakini kidonge hicho hunywewa kila siku, na damu hupimwa mara kwa mara. Machi 2025 vita vilipofika mji wa Walikale, watu walikimbia. Mwendo mrefu, kiu na baridi ya usiku ndivyo hasa vinavyoamsha maumivu ya SS, na kikopo cha vidonge alichobeba mama kina siku zake za kuhesabika.