Kisu cha Savoie na Uteuzi wa Namba

Mwaka 1890, katika kijiji cha Gevoudaz karibu na mji wa Saint-Jean-de-Maurienne, kwenye milima ya Savoie nchini Ufaransa, Joseph Opinel, kijana wa miaka 18 aliyezaliwa katika ukoo wa wahunzi wa mashoka na miundu ya kupogolea, alibuni kisu cha kukunja, yaani kisu ambacho bapa lake huingia ndani ya mpini na kubebwa mfukoni bila kumdhuru mwenyewe. Kiliundwa kwa vipande vichache mno: bapa la chuma, mpini wa mbao uliochimbwa mfuo, msumari wa kuviunganisha na pete ya chuma ya kuikaza shingo ya mpini, na kwa sababu hakikuwa na kamani, bei yake ilikuwa ndani ya uwezo wa mkulima na mchungaji.

Mwaka 1897 visu hivyo vilipangwa kwa ukubwa, kuanzia namba 1 hadi namba 12, na hapo ndipo historia yake inapovutia zaidi, kwa kuwa kila mnunuzi alilazimika kuupima mkono wake na kazi yake kabla ya kuchagua. Namba 1, yenye bapa la sentimita 2 hivi, ilikuwa ndogo kupita kiasi, na namba 11 haikutofautiana vya kutosha na jirani zake. Zote mbili ziliondolewa katika miaka ya 1930. Namba 8, ambayo bapa lake lina sentimita 8.5, ndiyo iliyopendwa kuliko zote, na kwa haki kabisa, maana hujaa kiganjani, hukata mkate na jibini, na bado haiulemei mfuko.

Mpini wa mti wa beech, mti mgumu wa misitu ya Ulaya, huvimba unapopata unyevu na kulibana bapa, hivyo watumiaji walizoea kugonga kitako cha mpini mezani au kwenye jiwe ili bapa lichomoze, mbinu iitwayo pigo la Msavoie. Hatari ya bapa kujifunga juu ya vidole ilipatiwa dawa mwaka 1955, Marcel Opinel, wa ukoo huohuo, alipobuni Virobloc, pete ya pili inayozungushwa ili kulizuia bapa lililofunguliwa. Baadaye chuma kisichoshika kutu kilipoingia, mnunuzi aliongezewa uamuzi mwingine, kwani chuma cha kaboni hunoleka kwa urahisi lakini hudai kukaushwa kila baada ya kukata tunda.