Patrick wa Mvumi na Santuri ya Sweden

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Mtajie jazz kijana aliyekulia kwenye simu, atafikiria Miles Davis na baa yenye mwanga hafifu huko Marekani. Mtajie mzee wa hapa Chang'ombe, Dodoma, atakuuliza: jazz ipi? Morogoro, Western, Kilwa, Tabora, au Nuta? Kwake yeye jazz ni bendi, ina wapiga magitaa na wapuliza tarumbeta, ina mtindo wake na washabiki walio tayari kugombana kwa ajili yake.

Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Wenyewe hawakuwa wakipiga muziki wa New Orleans. Neno jazz lilikuwa na maana ya usasa, kama vile baadaye vijana walivyojiita Cuban hili na Cuban lile baada ya santuri za GV kuingia na rumba kushika mji. Wapo wanaocheka kwamba wazee wetu walichukua jina wakaacha muziki. Mimi sioni cha kucheka. Mtu akikaa na gitaa la solo anatunga papo kwa papo huku mwenzake wa ridhim anamshikilia, hilo utaliita nini?

Hapa Chang'ombe tuko washabiki wachache, tunakutana Jumapili jioni kwenye kibaraza cha fundi redio mmoja. Wapo wanafunzi, yupo dereva mstaafu wa malori, nipo mimi na daftari langu. Sheria ni moja: usilete wimbo ambao kila mtu anaujua. Kwa hiyo Mbaraka Mwinshehe tumempiga marufuku. Si kwa chuki, jamani! Ni kwamba akishaanza Mbaraka, jioni imekwisha. Badala yake analetwa Ahmed Kipande wa Kilwa Jazz, au Juma Kilaza, aliyeishika Cuban Marimba baada ya Salum Abdallah kufa kwa ajali mwaka 1965. Au Michael Enoch, ambaye wengi wanamjua wa Mlimani Park tu, wakati alikwishatoa jasho miaka mingi Dar Jazz.

Siku moja mwanafunzi mgeni akauliza swali jepesi: albamu gani ya hawa wote ni bora? Tukatazamana. Dereva akakohoa.

Ukweli ni kwamba muziki wetu wa dansi haukuishi ndani ya albamu. Uliishi redioni. Bendi ilikwenda studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, Barabara ya Pugu, ikarekodi, utepe ukabaki palepale, wimbo ukapigwa nchi nzima. Aliyeupenda akasubiri zamu yake au akaunasa kwa kaseti, na sauti ya mtangazaji humohumo. Waliotaka santuri walitazama Nairobi, ambako zilitengenezwa zile ndogo za nyimbo mbili, upande huu mmoja na upande wa pili mmoja. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983. Njia ya Nairobi ikawa nyembamba kweli.

Ndipo ninapofika kwa Patrick Balisidya.

Huyu ni wa kwetu. Mvumi alikozaliwa ni kama kilomita 40 tu kutoka hapa tulipokaa. Alipitia Dar es Salaam Jazz Band, kisha akaunda Afro 70, akaupa mtindo wake jina la Afrosa. Alipiga gitaa, kinanda, akaimba, akatunga. Mwaka 1977 Afro 70 iliiwakilisha Tanzania Lagos, kwenye FESTAC. Wimbo wake Harusi umewaingiza ukumbini maharusi wengi ambao hawajawahi kulisikia jina lake. Alifariki mwaka 2004.

Na albamu anayo. Inaitwa Bado Kidogo, ilitoka mwaka 1979, lakini ilitoka Sweden. Aliifanya na Archimedes Badkar, kundi la Waswidi lililokuwa likichanganya jazi, roki na miziki ya kiasili ya dunia. Angalia basi: mtoto wa Mvumi, kutoka bendi yenye jina la Jazz, anakutana na wanajazi wa Ulaya, na sahani inabaki hukohuko.

Kibarazani hoja ilichemka. Fundi alishikilia kwamba hiyo si ya kwetu, "ni ya wazungu waliomwalika." Dereva akasema upuuzi, jina la santuri ni Kiswahili na jina la bendi ni Afro 70, mnataka hati gani zaidi? Mwanafunzi akasema yeye anamhesabu Hukwe Zawose kuwa mwanajazi zaidi ya wote, kwa jinsi alivyoiachia ilimba itembee; na kweli, huyo Mgogo wa Doda naye albamu yake ya Chibite ya mwaka 1996 ilitolewa na kampuni ya Uingereza. Hapo tukanyamaza kidogo. Wagogo wawili, albamu zao zote mbili zina anwani ya Ulaya.

Mimi niko upande wa dereva. Ila linaloniuma ni jingine. Bado Kidogo tumeisikia kwa simu tu, nakala ya nakala, imewekwa mtandaoni na mtu ambaye hatumjui. Akiifuta kesho, Dodoma haina kitu. Na zile tepu za redio nazo ni plastiki na unga wa chuma. Joto na unyevu wa Dar hazivionei huruma.

Basi tumeanza kuandika. Daftari langu lina nyimbo 63 mpaka sasa: bendi, mtunzi, nani alipiga solo, nani kasema na alijuaje. Wawili wakipingana, naandika yote mawili. Ukurasa wa Afro 70 ndio wenye mapengo mengi. Kama nyumbani kwenu iko santuri ya Afro 70, hata iliyokwaruzika, usiitupe. Fundi ana mashine inayozunguka vizuri, sindano mpya ameipata, na Jumapili tupo kuanzia saa kumi.